Mdomo wa Nne wa Tangi la Asidi

Niliona wekundu. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kughairi nikifika katikati, maana tabia yangu naijua. Niliona doa jekundu ndani ya mdomo wa nne wa tangi la asidi, ukubwa wake kama ukucha wa kidole cha mwisho, na fundi aliyekuwa nyuma yangu aliponiuliza nimeona nini, nilisema hakuna. Kisha nikaandika "safi" kwenye karatasi na kutia sahihi. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa tayari kumjibu hivyo hivyo yeyote atakayeniuliza. Waliouliza hawakufika hata watatu, lakini mwoga hujibu pia wasiouliza.

Ninyi mliobaki kazini katika viwanda vingine mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani bila vifaa. Habari za vyeo muulizeni aliyevipata. Mimi nimestaafu, au nimepunguzwa. Barua ilitumia maneno yote mawili katika aya moja, nami nikachagua lile lenye adabu.

Nilifika Musoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimetoka chuo kikuu na sanduku la vitabu na viatu vya kisigino. Kiwanda chetu kilikamua mbegu za pamba zilizoletwa kutoka Bunda, kikapata mafuta ya kula, na mabaki ya mafuta yakawa sabuni. Nilikuwa mhandisi wa kwanza mwanamke pale, na matokeo makubwa ya tukio hilo la kihistoria yalikuwa kwamba hapakuwa na choo changu. Kilijengwa mwezi wa tatu. Kabla ya hapo nilijifunza kunywa chai kidogo.

Jambo ambalo sikulisema kwenye usaili ni kwamba nilikuwa naogopa mvuke. Chuoni mvuke ulikuwa mstari uliopinda kwenye mchoro. Kiwandani ulikuwa na sauti. Siku yangu ya kwanza valvu ya usalama ilifunguka juu ya kichwa changu, nikajikuta nje kwenye uwanja wa magari, na mlango niliopitia siukumbuki mpaka leo. Fundi Mafuru, mtu wa Guta, mkuu wa mafundi wa kuchomelea, alinifuata taratibu akiwa amebeba daftari langu.

"Injinia," akasema, "hiyo ikilia ni nzuri. Uogope ikinyamaza."

"Sikuogopa, Mzee."

"Basi unakimbiaga vizuri."

Alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Kila nilichokijua kuhusu chuma kabla ya kukutana naye nilikijua kwa Kiingereza, na kwa hiyo nilikuwa sijui. Alinipa nyundo ndogo yenye mpini wa mti wa mpera, akanifundisha kugonga mabomba na kusikiliza. Chuma kizima hulia kirefu. Chuma kilicholiwa kwa ndani hujibu kifupi na kwa uvivu, kama sufuria yenye ufa. Nyundo hiyo ninayo bado. Kwenye orodha ya vifaa vya kukabidhi niliandika kwamba imepotea, na huo, tukilinganisha, ni uongo mdogo.

Sasa tangi lenyewe. Lilikuwa na urefu wa watu wawili, limesimama kwenye kona ya ukumbi wa sabuni. Ndani yake mafuta yalichemshwa pamoja na maji kwa mvuke wa presha kubwa mpaka yakavunjika na kutoa asidi, na asidi ya mafuta ikiwa moto inakula chuma cha kawaida kama mchwa anavyokula fremu ya mlango: nje rangi ipo, ndani hakuna kitu. Kwa sababu hiyo watengenezaji walilivisha tangi koti jembamba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa ndani. Kwenye kifua cha tangi kulikuwa na mabomba mafupi manne yaliyojitokeza, hatua moja kutoka moja hadi jingine kuanzia kushoto, ambayo sisi tuliyaita midomo. Wa kwanza ulibeba geji ya presha. Wa pili ulikuwa wa akiba, hautumiki, umezibwa kwa mfuniko wa chuma na bolti. Wa tatu ulikuwa wa kipimajoto. Wa nne ulikuwa wa kuchukulia sampuli, na pale ndipo aliposimama Nyamisi.

Nyamisi ni mtu wa Nyegina, tunalingana umri, na wakati ule alikuwa ndiye mwendeshaji wa tangi. Mara tatu kila zamu alifungua kibomba cha mdomo wa nne, akachukua kikombe cha asidi akaipima, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kufundishia wengine. Siku moja uzi wa mvuke ulitoka penye shina la mdomo ule ukamchora mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Ulikuwa mwembamba kuliko sindano. Tulipofungua tangi tukakuta koti la stenlesi kwenye midomo yote minne limekwisha, na chuma cha chini kimeanza kuliwa.

Zilikuwa zile siku ambazo kiwanda kingeweza kuomba bomba la stenlesi nje ya nchi na kupata, baada ya miezi minane, barua ya kusema kwamba ombi limepokelewa. Ilibidi tuivishe midomo koti jipya wenyewe, kwa kuchomelea. Shida ni kwamba ndani ya bomba lile vidole vitatu viliingia kwa kubanana. Mkono hauingii, ngao ya uso haiingii, na unachokichomelea hukioni mpaka umalize. Mafuru alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akasema atafanya nusu kutoka ndani ya tangi na nusu kutoka nje, welding mbili zikutane katikati.

"Zisipokutana?" nikauliza.

"Zitakutana. Njia ni moja."

Vijiti vya stenlesi vililetwa na shemeji yake kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, chini ya gunia la vitunguu. Mlio vijana hamuwezi kujua hilo lilimaanisha nini. Ilikuwa miaka ya msako wa walanguzi, watu wanatupa majora ya vitenge ziwani ili wasikutwe nazo, na kijiti cha kuchomelea kisicho na karatasi kilikuwa kosa kama kitenge. Meneja wetu alijua, na alionyesha kwamba anajua kwa kutokuuliza. Vijiti vilikuwa vimevuta unyevu wa vitunguu, na kijiti chenye unyevu huacha vitundu kama vya mandazi, hivyo Nyamisi alivikausha nyumbani kwake kwenye tanuri la mkate. Alisema watoto walikataa mkate wiki nzima. Kumbukeni hilo la kukausha. Tanuri la mkate linafaa kabisa.

Mafuru alipita kwenye tundu la tangi na gunia lililoloweshwa mgongoni, mimi nikiwa nje nimeshika kamba iliyofungwa kiunoni kwake. Kila baada ya dakika chache niliivuta, naye aliivuta kujibu kwamba yu hai. Aliweka tabaka mbili, maana tabaka la kwanza huchanganyika na chuma cha chini na kuwa chotara. La pili ndilo koti la kweli. Kazi ilichukua siku tisa. Alianza na mdomo wa kwanza akamalizia na wa nne, na kijiti cha mwisho kilikwisha pale pale katikati ya mdomo wa nne. Kilibaki kifupi hivi kwamba glovu yake ilifuka moshi. Hakukuwa na kingine.

"Kimetosha?" nikamwuliza.

"Utaniambia wewe. Wewe ndiye mkaguzi."

Namna ya kukagua niliitoa kitabuni, na nilijivuna nayo. Unapaka maji ya mrututu. Penye stenlesi hakutokei kitu. Penye chuma cha kawaida shaba iliyomo kwenye mrututu huganda, na unaona wekundu. Mrututu haukupatikana dukani, lakini mjomba wangu wa Butiama alikuwa nao kwa ajili ya kwato za ng'ombe, nikaenda kumwomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimekuja kuomba mrututu wa kazini."

Akamwita mkewe aje asikie. "Huyu tuliuza madume mawili akasome. Sasa amerudi kuomba dawa ya kwato."

Alinipa uliokwisha kukorogwa, uliokaa karibu wiki moja kwenye kopo la bati la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nilipoufungua kiwandani rangi yake haikuwa ile buluu niliyoizoea maabara. Ilikuwa imepauka, inaelekea kijani. Nikadhani mjomba amebania.

Kioo cha kuchungulia nilikiazima kwa tabibu wa meno, kile kidogo chenye shina refu. Nilianza na mdomo wa kwanza, nikapaka, nikasubiri, nikachungulia. Safi. Wa pili safi. Wa tatu safi. Kwenye wa nne kopo lilikuwa limefika mwisho, nikaliinamisha kupata matone ya chini. Nikapaka, nikasubiri, nikaingiza kioo. Katikati kabisa, pale welding mbili zilipokutana, palikuwa pekundu.

"Umeona nini?" Mafuru akauliza nyuma yangu.

Nimefikiri sana kuhusu muda uliopita kati ya swali lake na jibu langu. Haukuwa mrefu. Kusema kweli kungemaanisha tangi lisimame, ripoti iandikwe, na ripoti ingeanza na swali la vijiti vimetoka wapi na kuishia na Mafuru ndani ya gari la polisi. Huo ndio udhuru wangu bora, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kazini, ukumbi mzima umeacha kazi unanitazama, na niliogopa kuwa mtu aliyeleta habari mbaya kwa dawa ya ng'ombe.

"Hakuna," nikasema.

Jaribio la maji, yaani kulijaza tangi maji ya presha, lilipita vizuri, lakini jaribio la maji linakupa habari za leo tu. Tangi likawashwa.

Siku ya tatu nilikumbuka kopo. Nilikuwa nakula, nikaacha. Mrututu ukikaa kwenye bati iliyokwaruzika hutoa shaba yake mle mle koponi, hata chini kukawa na chembe nyekundu kama vumbi la matofali. Jambo hilo wanafundishwa watoto wa sekondari. Kwa hiyo ule wekundu huenda ulikuwa chembe za kopo na si kosa la Mafuru. Nilifarijika, nikaendelea kula. Njia ya kujua ilikuwa rahisi: mrututu mpya kwenye chupa ya kioo, robo saa ya kazi. Sikuifanya. Kama ningepima upya na kukuta wekundu tena, nisingekuwa na kopo la kulaumu.

Basi nikaanza kuishi na tangi lile kama mtu anayeishi na mbwa wa jirani. Nilijua sauti yake nikiwa kitandani mtaa wa tatu. Mwangwi wa mvuke ukibadilika kidogo nilisimama. Nilikuwa nagonga mdomo wa nne kwa nyundo kila asubuhi, unalia vizuri, na nisiamini masikio yangu. Nyamisi aliendelea kusimama mbele yake, uso hatua moja kutoka kwenye bomba, anaimba. Mwishoni sikuweza kuvumilia, nikatoa amri. Nilichora mstari wa njano sakafuni, hatua mbili kushoto kwa mdomo wa nne, na fundi wa bomba akarefusha mkono wa kibomba ili kifunguliwe kutokea pale. Kuanzia siku hiyo Nyamisi alikaa kwenye mstari zamu nzima, hata akiwa hachukui sampuli.

Walinicheka. Mmoja wao alikuwa akipita pale anaruka mstari kama anavuka mto. Nyamisi mwenyewe aliniuliza mbele za watu:

"Injinia, huu mstari ni wa nini? Tangi limekuambia kitu?"

"Ni usalama tu."

"Usalama wangu au wako?"

"Wa wote, Nyamisi. Simama hapo."

"Nimesimama. Hata kanisani sijawahi kupangiwa pa kusimama."

Tangi lilifunguliwa kusafishwa mara nyingi katika miaka ile. Mara moja nilikuja nikiwa na mrututu kwenye chupa ya kioo, ndani ya mkoba, nimeandaa na kitambaa. Nilisimama mbele ya midomo minne iliyo wazi muda wa kutosha kuipima yote. Nikasema ukaguzi wa midomo haumo kwenye ratiba. Chupa nikaimwaga nyuma ya karakana, na majani ya pale hayakuota tena.

Mafuru alistaafu. Siku ya kuagana aliniita pembeni, ameshika zawadi ya kiwanda, blanketi.

"Wa nne," akasema. "Ulisemaga hakuna."

"Nilisema."

"Haya." Akaenda zake Guta na blanketi lake. Mpaka leo sijui ile "haya" ilikuwa ya aina gani.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Sabuni za nje zilijaa madukani, zinanukia maua, zimefungwa karatasi zinazong'aa, na yetu ilinukia sabuni. Tulipunguza zamu, kisha siku, kisha watu. Kiwanda kikafungwa na mashine zikauzwa moja moja. Tangi la asidi lilinunuliwa na mfanyabiashara wa Bunda, Bwana Masinde, aliyetaka kutengeneza sabuni ya miche. Alilichukua kwa lori pamoja na faili lake, na ndani ya faili ile karatasi yenye neno "safi". Alimchukua na Nyamisi pia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelijua.

Wakati linakaa bila moto nilikuwa nalala. Niliposikia kwamba Masinde atawasha Jumatatu, usingizi ulikwisha. Nilikuwa nimebaki ofisini wiki ya mwisho kukabidhi funguo, chumbani pana meza, kiti na simu. Alhamisi nilimpigia.

"Bwana Masinde, nashauri ukate mdomo wa nne uutazame kabla ya kuwasha. Ni taratibu mpya."

"Taratibu za nani? Tangi limefanya kazi miaka yote hiyo. Nina karatasi yako hapa, imeandikwa safi."

"Karatasi si ya kweli."

Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. "Niliona wekundu. Nikaandika safi."

"Nyamisi yupo hapa mlangoni," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Nilisikia kiganja kikipokea simu, nikamwambia. Nilimweleza yote, kopo na chupa na mstari. Nilipomaliza alisema, "Kumbe ndio maana ya ule mstari," kisha akasema, "Guta si mbali. Nitamwita Mzee Mafuru aje akate mwenyewe." Hakuaga.

Simu ililia kesho yake saa nne asubuhi. Niliiacha ilie mara tano.

"Injinia?" Alikuwa Nyamisi.

"Ni mimi."

"Tumekata. Wa nne ni mzima. Mzee ameugeuzageuza juani, anasema koti lipo lote, kama siku aliyoliweka."

Nilikaa kwenye kile kiti kimoja. Miaka kumi na miwili, kumbe ni vumbi la kopo la mafuta ya kupikia. Nikaanza kucheka, cheko lililokuwa karibu sana na kilio.

"Usicheke kwanza," akasema. "Mzee ameuliza ile dawa ilikuwa na rangi gani siku ile. Nikamwambia ulivyonieleza jana, kwamba ilikuwa imepauka. Akasema kama kopo lilikula dawa, basi dawa haikuwa na nguvu ya kuonyesha kitu hata kwenye ile mitatu mingine. Akakata wa pili, ule wa akiba, kwa kuwa maji yanalalaga mle hayatoki."

Nilielewa kabla hajamaliza. Hesabu ile ningeweza kuifanya siku ya tatu, mbele ya sahani yangu. Elimu yangu iliishia pale iliponitetea.

"Welding hazikukutana," Nyamisi akasema. "Pale katikati pameliwa mpaka kwenye rangi ya nje. Mzee ameweka bisibisi tu, hakusukuma, ikatokea upande wa pili."

Nilisikia ukumbi wa Bunda nyuma yake, chuma kikiburutwa, na kikohozi cha mtu mzima ambacho nilikitambua.

"Injinia, upo?"

"Nipo."

"Miaka yote ile nikiwa kwenye mstari wako, nilikuwa nimesimama mbele ya mdomo gani?"

Alikuwa anajua. Alikuwa na tangi mbele yake na anaweza kuhesabu hatua mbili kama mtu yeyote. Alitaka tu kulisikia kwangu.

"Wa pili," nikasema.